Bei ni namba, uaminifu ni neno: jinsi ya kumpima mnunuzi wa mazao

WAKULIMA wa mahindi wana msamiati wao wa ubora, na kila anayenunua nafaka anaujua. Mahindi ni makavu, makavu kiasi, hayajakauka vizuri, mabichi. Yamepepetwa vizuri, yana vumbi kidogo, yana takataka. Mnunuzi naye ana sifa zake: analipa papo hapo, anachelewa kidogo, ni msumbufu, hafai kabisa. Hakuna neno hata moja hapo lenye namba, lakini mkulima mzoefu akichukua punje na kuing'ata, hukumu yake juu ya ukavu haiwi mbali na ile ya mashine.

Tatizo linaanza kikundi kinapokaa kikao kuamua mazao yauzwe kwa nani. Katika kikao maneno yote hayo huyeyuka, kinabaki kitu kimoja tu: bei ya kilo. Mmoja atasema huyu wa bei ya juu mwaka jana alilipa baada ya miezi miwili. Mwingine atasema mizani yake ina mashaka. Watasikilizwa kwa heshima, kisha kura zitapigwa kwa mwenye bei ya juu. Sababu yake si ujinga wala tamaa. Bei imekuja ikiwa namba, na malalamiko yamekuja yakiwa maneno, na katika kikao namba hulishinda neno.

Kuna tawi zima la hesabu lililoundwa kwa ajili ya tatizo la namna hii. Kwa maoni yangu limekaa mno vyuoni na halijashuka sokoni, ambako ndiko kwenye kazi yake. Wataalamu huliita uamuzi wa vigezo vingi kwa njia ya fazi. Jina linatisha kuliko kitu chenyewe.

Fazi maana yake ni kitu kisicho na ukingo mkali, mfano wa ukungu, ambao huwezi kuonyesha kwa kidole ulipoanzia. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitoa makala akisema kwamba maneno kama "refu", "kavu" na "zuri" yanaweza kuingizwa kwenye hesabu iwapo tutakubali kwamba kitu kinaweza kuwa ndani ya kundi kwa sehemu. Tuchukue ukavu wa mahindi. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 12 tuyape moja kamili katika kundi la "makavu". Yenye asilimia 18 tuyape sifuri. Basi yenye asilimia 15 ni nusu. Hayajatoka kwenye ukavu wala hayajaingia kwenye ubichi, na hesabu inakubali kusema hivyo bila kumlazimisha mtu kuchagua upande.

Wasomaji wa Tanzania huenda wakafurahi kujua kwamba mmoja wa waliolitoa jambo hili kwenye karatasi na kulitia kwenye mtambo ni mzaliwa wa nchi hii. Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa Tanzania mwaka 1942, akiwa London katika miaka ya 1970 pamoja na mwanafunzi wake Assilian, aliiendesha injini ndogo ya mvuke kwa kanuni za maneno matupu, za aina ya "kama shinikizo ni kubwa kidogo, punguza moto kidogo". Injini ikatii. Mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za mji wa Sendai, Japani, zilianza kazi zikiongozwa kwa njia hiyo hiyo. Kama neno "kidogo" linaweza kusimamisha treni kituoni, sioni kwa nini lishindwe kutusaidia kuchagua mnunuzi wa magunia.

Upande wa vigezo vingi nao una historia yake. Thomas Saaty alibuni njia ya kulinganisha vigezo viwili viwili mpaka kila kimoja kijulikane kina uzito gani. Hwang na Yoon, mwaka 1981, walileta njia ya kumtafuta aliye karibu zaidi na mtu bora wa kufikirika na aliye mbali zaidi na mbaya kuliko wote. Baadaye njia hizo zilichanganywa na fazi, na leo ziko makala nyingi sana zinazopima hivyo wauzaji wa vipuri, hospitali, benki na mashirika ya ndege. Hayo tuyaache hapo. Tuifanye hesabu yenyewe, kwani inatosha karatasi na kalamu.

Tuseme kuna kikundi cha wakulima upande wa Kongwa, ambao soko lao la karibu ni Kibaigwa. Wana wanunuzi watatu, tuwaite wa kwanza, wa pili na wa tatu. Vigezo ni vinne: bei, wepesi wa malipo, haki ya mizani, na kama mnunuzi hurudi msimu unaofuata au hupotea soko likiwa baya. Kwa kila kigezo wanachama wanatumia maneno matatu tu: mbaya, wastani, nzuri. Kila neno tunalipa namba tatu badala ya moja, kwa kuwa neno halina ukingo mkali. "Mbaya" ni kuanzia 0 hadi 4, katikati yake 2. "Wastani" ni 3 hadi 7, katikati 5. "Nzuri" ni 6 hadi 10, katikati 8. Msomaji ataona kwamba maneno yanapandana: 3 na nusu inaweza kuitwa mbaya na inaweza kuitwa wastani. Ndivyo watu wanavyosema kweli.

Mnunuzi wa kwanza ana bei nzuri, malipo mabaya, mizani ya wastani, na kurudi kwake ni kubaya. Wa pili bei ya wastani, malipo mazuri, mizani nzuri, kurudi kwa wastani. Wa tatu bei ya wastani, malipo mazuri, mizani ya wastani, kurudi kuzuri. Sasa vigezo navyo vipewe uzito. Tugawe kumi: bei 3, malipo 3, mizani 3, kurudi 1. Zidisha kila neno kwa uzito wa kigezo chake, jumlisha, gawa kwa kumi. Fanya hivyo mara tatu, kwa namba za chini, za katikati na za juu.

Wa kwanza, aliyekuja na bei inayovutia, anapata 4.7 katikati, kutoka 2.7 hadi 6.7. Wa pili anapata 6.8, kutoka 4.8 hadi 8.8. Wa tatu 6.2, kutoka 4.2 hadi 8.2. Mwenye bei ya juu amekuwa wa mwisho, na hakuna aliyemwonea. Bei yake imehesabiwa kuwa nzuri, ila safari hii malipo na mizani vimehesabiwa pia.

Tazama sasa wa pili na wa tatu. Kwa alama za kawaida tungesema wa pili ameshinda, 6.8 kwa 6.2, na kikao kingefungwa. Lakini safu zao karibu zinafanana, mmoja kutoka 4.8 hadi 8.8, mwingine kutoka 4.2 hadi 8.2. Hesabu inatuambia kwamba kwa maneno tuliyonayo hatuna haki ya kusema mmoja ni bora kuliko mwenzake. Huu ndio msaada mkubwa wa fazi, na mara nyingi hausemwi. Watu huisifu kwa kutoa mshindi. Mimi naisifu kwa kukataa kutoa mshindi pale ambapo hayupo. Tunawajua wagavi waliokosa zabuni kwa nusu alama, na nusu alama hiyo ilitoka kwenye neno "wastani" lililoandikwa na mtu mmoja mwenye haraka.

Hapo hapo ipo hatari. Chukua maneno yale yale bila kubadili hata moja, badilisha uzito tu: bei 7, vingine 1 kila kimoja. Wa kwanza anapanda hadi 6.5. Wa pili na wa tatu wanashuka na kulingana, 5.6 kila mmoja. Mshindi amegeuka, na hesabu ni sahihi kabisa mara zote mbili. Kwa hiyo anayepanga uzito ndiye anayechagua mnunuzi, hata kama hakupiga kura.

Hili ndilo ningependa vikundi na vyama vya ushirika walishike. Uzito wa vigezo upangwe katika mkutano wa wanachama wote, uandikwe kwenye muhtasari, na upangwe kabla jina la mnunuzi yeyote halijatajwa. Mwenyekiti anayemjua mnunuzi fulani ataweza kuuvuta uzito uelekee kwake akishajua nani ana sifa gani. Kabla ya majina kujulikana hawezi. Makala nyingi za wataalamu hupata uzito kwa kuwauliza wataalamu watatu au watano walio ofisini, kisha hutoa namba zenye desimali nne. Desimali hizo hazimwambii mjane mwenye magunia manane kama kungoja malipo miezi miwili ni jambo dogo au kubwa. Yeye anajua, kwa sababu ada ya shule haingoji.

Madai hayo hayo yaende upande wa pili. Wenye viwanda na wanunuzi wakubwa wa siku hizi nao huwapima wakulima: ubora wa mzigo, kufika kwa wakati, kiasi kilichoahidiwa na kiasi kilicholetwa. Ni haki yao. Lakini kikundi kinachoambiwa kimepata daraja la chini kiulize mambo mawili: vigezo vilikuwa vipi, na kila kimoja kilikuwa na uzito gani. Mnunuzi asiyeweza kujibu hilo hakupima, alikadiria. Wafanyabiashara wadogo wanaouziwa pembejeo wanaweza kuuliza vivyo hivyo wanapoambiwa na muuzaji wa jumla kwamba hawakopesheki.

Kuna mambo ambayo hayafai kabisa kuingizwa kwenye ukungu huu. Njia ya kujumlisha ina tabia ya kufidia: ubaya wa hapa unalipwa na uzuri wa pale. Kwa bei na umbali wa soko hilo ni sawa. Kwa sumukuvu si sawa. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, katika wilaya kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, na huo ni mstari mkali. Mahindi yaliyovuka mstari huo hayawi "salama kiasi" kwa kuwa ni ya bei nafuu na yameletwa kwa wakati. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, na ilipofungua tena siku chache baadaye ilitaka kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha iko chini ya kiwango. Malori yaliyokuwa njiani hayakuulizwa bei.

Kwa hiyo kuwe na mlango kabla ya mizani. Kinachoshindwa mlangoni hakipimwi ndani. Sumukuvu ibaki mlangoni. Lumbesa nayo ibaki mlangoni: mnunuzi anayetaka gunia lishonewe kilemba juu anataka kitu kilichokatazwa kisheria, na hakuna bei inayofidia hilo. Waliopita mlango ndio waingie kwenye maneno yetu ya mbaya, wastani na nzuri.

Unyevu unakaa katikati ya mambo haya mawili. Kiwango kinasema usizidi asilimia 13.5, na mwenye ghala ana haki ya kukataa mzigo uliozidi. Lakini kwa kikundi kinachopanga nani aanike tena na nani apeleke kesho, mahindi ya 13.4 na ya 13.6 ni mahindi yale yale, na kuyaita mazuri na mabaya ni kujidanganya. Asiye na kipimo bado ana chupa kavu na chumvi kavu: tia punje, tia chumvi, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yamezidi asilimia 15, yarudi kwenye turubai. Isipoganda, usikimbilie kusema ni makavu. Sema ni makavu kiasi, uyaanike siku nyingine moja kama jua lipo.

Turudi kwa wale wanunuzi wawili waliolingana. Kikundi kifanye nini? Hesabu imekataa kuamua, na isilazimishwe. Kikundi kinaweza kuwauzia wote wawili, nusu kwa nusu, na katibu afungue daftari lenye safu nne tu: tarehe mzigo ulipotoka, kilo za mizani ya kikundi, kilo za mizani ya mnunuzi, na tarehe fedha zilipoingia. Msimu ukiisha, malipo na mizani havitakuwa tena maneno. Kutabaki kigezo kimoja chenye ukungu, kile cha kurudi, na hicho kitajibiwa na Mei inayofuata, mahindi mapya yakianza kushuka Kibaigwa na bei ikianza kuanguka.