Shilingi moja, hesabu mara mbili

Leo tuweke simu mpya kando. Nataka tuizungumzie sheria ya Marekani ambayo, kwa jicho la mtunga programu, ina hitilafu. Inatuhusu pia, maana Katiba ya 2010 inamruhusu Mkenya kuwa na uraia wa nchi mbili, na wapo waliochukua wa Marekani kisha wakarudi nyumbani.

Sheria hiyo ya mwaka 1970 ndiyo mzizi wa fomu iitwayo FBAR. Raia wa Marekani, popote anapoishi, akiwa na akaunti nje ya nchi hiyo zenye jumla ya zaidi ya dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, lazima aziripoti kwa FinCEN, idara ya Hazina inayofuatilia uhalifu wa fedha. Si kodi, ni taarifa tu. Hata akaunti ya chama, pesa zisizo zake, inahesabiwa ikiwa yeye ni mtia sahihi.

Sasa hitilafu. Fomu inachukua kiasi cha juu kabisa cha kila akaunti katika mwaka, kisha inajumlisha. Tuseme Februari una shilingi 700,000 katika benki moja. Juni unazihamishia benki ya pili. Mali yako ni 700,000 tu, lakini hesabu inasema 1,400,000. Kwa shilingi 129 kwa dola, umevuka dola 10,800! Jumla ya vilele si kilele cha jumla. Mwanafunzi wa tarakilishi wa mwaka wa kwanza akileta programu kama hiyo, anakatwa alama.

La pili: kikomo cha dola 10,000 hakipandi na bei za vitu, ila faini hurekebishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Yaani namba inayokunasa imegandishwa, inayokuumiza inakua.

Alexandru Bittner, mzaliwa wa Romania aliyepata uraia wa Marekani kisha akarudi kwao, alidaiwa faini ya dola milioni 2.72 kwa kuwa serikali ilihesabu kila akaunti. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba asiyekusudia kosa hutozwa kwa kila ripoti. Deni lake likashuka hadi dola 50,000.

Watetezi husema sheria inawasaka wanaoficha mali. Sawa, wasakwe. Lakini mficha mabilioni hakamatwi kwa kumhesabia mwalimu wa Kisumu akiba yake mara mbili. Dawa ni rahisi: kikomo kipande pamoja na faini, na jumla ipigwe kwa siku moja.

Hadi hapo, kama inakuhusu, andika kilele cha kila akaunti na uwasilishe. Ni bure, kwa mtandao, kabla ya Aprili 15. Ukichelewa, muda husogea wenyewe hadi Oktoba 15.

Mwaonaje, jamani? Hii ni sheria au ni programu isiyojaribiwa?