MCHANGIE MWANAMICHEZO, USIUZE KILEMA CHAKE



Ndugu zangu wazazi, mama zetu na baba zetu, nanyi vijana mnaosoma ukurasa huu kwenye simu zenu.

Ama baad. Mwezi huu nilikusudia kuandika juu ya adabu za mezani, na wapo akina mama walioniomba kwa dhati. Wanisamehe, nimeiahirisha. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Ramadhani iliyopita, nalo ni hii michango tunayoipitisha kwenye simu kwa ajili ya wanamichezo walemavu. Nasema "tunayoipitisha" kwa sababu nami nimo, tena nimo mstari wa mbele.

Sisi wa Remera hatuna udhuru wa kusema hatuwajui watu hawa. Ukishuka basi kituoni Remera macho yako yanakutana na uwanja wa Amahoro, uliofunguliwa upya mwaka 2024 ukiwa na viti 45,000. Pembeni yake upo ule uwanja mdogo wa ndani ambao wenyeji tunauita Petit Stade, na BK Arena iliyofunguliwa mwaka 2019. Vijana wetu wanajua majina ya wachezaji wote wa Arsenal, hata wa akiba. Lakini muulize kijana yeyote wa mtaani kwetu ni nani aliyeiletea Rwanda medali ya kwanza ya Paralimpiki. Atakutazama tu.

Ni Jean de Dieu Nkundabera, aliyepata shaba katika mbio za mita 800 kule Athens mwaka 2004. Mwaka 2013 Hermas Muvunyi akawa bingwa wa dunia wa walemavu katika mbio hizo hizo kule Lyon, Ufaransa. Na sisi wazima, wenye mikono miwili na miguu miwili? Mpaka Michezo ya Paris ya 2024 Rwanda haijawahi kupata hata medali moja ya Olimpiki. Basi ni nani hapa wa kumhurumia mwenzake?

Tazama pia mpira wa wavu wa kukaa. Uwanja ni mita 10 kwa 6, wavu wa wanawake una urefu wa mita 1.05 na wa wanaume mita 1.15, na mchezaji haruhusiwi kuinua makalio sakafuni anapougusa mpira. Hauhitaji kiti cha magurudumu wala mguu wa bandia. Unahitaji sakafu, wavu, mpira na moyo. Timu yetu ya wanaume ilikwenda London mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Ndani ya timu ile walikaa sakafuni pamoja Dominique Bizimana, aliyepigana upande wa RPF, na Jean Rukondo, aliyekuwa askari wa jeshi la zamani, na kila mmoja alikuwa amepoteza mguu. Dada zao wakaenda Rio mwaka 2016, kisha Tokyo, ambako mwaka 2021 waliwafunga wenyeji Japani na kushika nafasi ya saba.

Watu hawa wanahitaji fedha, hilo halina ubishi. Kiti cha magurudumu cha kuchezea mpira wa kikapu, au mguu wa kukimbilia, bei yake hufika maelfu ya dola. Hata wavu wa kukaa, ulio rahisi kuliko yote, hauwapeleki wachezaji Huye bure. Ninachogombana nacho ni namna tunavyoomba.

Sasa nisikilizeni kisa changu. Madrasani kwetu yupo kijana aliyekuwa na umri wa miaka 14, aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya pikipiki. Akaingia timu ya vijana ya mpira wa wavu wa kukaa, na wallahi ni hodari. Ramadhani iliyopita timu ilihitaji nauli ya kwenda Huye kwenye mashindano baada ya Idi, na mipira miwili. Nikasema mimi ustadhi wao nitalisimamia. Nikaenda mazoezini, nikamkuta amekaa ukutani, mguu wa bandia ameuvua, anajifuta uso kwa fulana yake. Nikampiga picha. Kigutu kikaonekana vizuri, uso nao ukaonekana nusu. Chini yake nikaandika kwamba mtoto huyu analia kwa kukosa nauli, tumsaidie katika mwezi huu mtukufu, na nikaweka namba yangu ya Mobile Money.

Hakuwa analia. Alikuwa anajifuta jasho, maana walikuwa wamemaliza seti tatu na upande wake ulishinda. Nililijua hilo wakati ninaandika.

Fedha zikaingia usiku ule ule, simu inalia mpaka daku. Picha nayo ikatembea. Ikatoka kundi la wazazi wa Remera ikaenda Nyamirambo, ikavuka ikafika kwa jamaa zetu walioko Ubelgiji na Oman, na siku ya tatu ikaingia kwenye simu za wanafunzi wenzake shuleni. Wakambatiza jina: "Saidia". Saidia amekuja, Saidia mpishe apite. Mtoto akaacha mazoezi, akaacha madrasa. Basi la kwenda Huye liliondoka na wachezaji wenzake wote, yeye hakuwamo. Mama yake akaja nyumbani kwangu baada ya Alasiri, hakukaa hata kwenye kiti, akaniuliza neno moja tu: "Ustadhi, sisi tulikutuma utuombee?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo ninalitafuta.

Ndugu zangu, Surat Al-Baqara inatuonya kwamba sadaka huharibiwa na masimbulizi na maudhi. Zamani masimbulizi yalikuwa ya mdomo: mtu anakupa kanzu Ijumaa, Jumamosi anawaambia watu kanzu ile ni yake. Hayo yalikwisha alipochoka kusema, au alipokufa. Picha haichoki. Kila inapofunguliwa inamsimbulia mtoto yule upya, na atakapokwenda kuposa, wakwe watamjua kwa kigutu kabla ya kumjua kwa jina. Sura hiyo hiyo inawasifu mafukara ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Allah anausifu ule mstahi wao, sisi tunauvua hadharani, kisha tunaandika chini "jazaakumullaahu khayran".

Nawajua watakaonijibu. Watasema: ustadhi, bila picha ya kuliza watu hawatoi. Huo ni uongo, au ni nusu ya ukweli iliyo mbaya kuliko uongo. Watu hawajaonyeshwa kitu kingine! Muoneni Asiya Sururu, dada yetu wa Mombasa, aliyepoteza miguu yote miwili kwa ajali ya treni angali mdogo. Mwaka 2021 alipiga makasia kule Tokyo akiiwakilisha Kenya. Picha yake ni mwanamke ndani ya mashua, mabega yamekaza, maji yanaruka. Ukiiona hiyo huwezi kusema "masikini". Unasema mashua hii bei gani, nami nitoe kasia moja. Hiyo ndiyo picha ya kuombea fedha, na hata hiyo aulizwe kwanza mwenyewe.

Tena kuuliza si hisani tu. Rwanda tunayo Sheria Na. 058/2021 ya Oktoba 2021 inayolinda taarifa binafsi za watu. Habari za afya ya mtu zimo katika zile nyeti, na mtoto aliye chini ya miaka 16 hutakiwa ridhaa ya mzazi au mlezi wake. Mimi mwalimu mzima nilikuwa siijui. Niliambiwa na binti mmoja anayesomea sheria, naye aliniambia kwa adabu sana, jambo lililoniumiza zaidi.

Wengine watakuja kwa mlango wa dini. Watasema michezo ni upuuzi, mayatima wapo, misikiti haijaezekwa, mlemavu akae nyumbani apewe unga. Nawauliza, Amr bin al-Jamuh alikuwa nani? Alikuwa kiwete. Siku ya Uhud wanawe walimzuia wakamwambia Allah amekupa udhuru, kaa. Akakataa, akaenda kwa Mtume (S.A.W.) kudai haki yake ya kutoka, akaruhusiwa, akatoka. Hakuna aliyemwambia mguu wako unatosha kuwa kazi yako. Na Ataa bin Abi Rabah, kiwete, ndiye aliyekuwa mufti wa Makka. Watu walivuka majangwa kwenda kumuuliza yeye, hawakwenda kumpa unga. Mtume wetu mwenyewe alishindana mbio na mkewe Bi Aisha. Mwili una haki yake, na wa mlemavu hali kadhalika. Anayeketishwa nyumbani mwaka mzima huota vidonda, hunenepa, hufa moyo. Mnaowauguza mnajua.

Lakini hapa nami nawageukia wenzangu wakusanyaji, kwani tumekuwa tukichanganya mambo. Katika tangazo langu niliandika "zaka, sadaka na fitri zote zinapokelewa". Astaghfirullah. Zaka ina watu wake wanane katika Surat At-Tawba. Mwanamichezo fukara anaipata kwa ufukara wake, akabidhiwe mkononi, anunue hata sukari akitaka. Nauli ya timu na mipira ni mlango wa sadaka, tusiutie ndani ya zaka za watu bila kuwauliza masheikh. Na fitri ni chakula cha masikini siku ya Idi. Mtu aliyetuma fitri yake kwangu ikanunua mpira, fitri yake iko wapi? Imenibidi niwapigie simu watu 11 mmoja mmoja, na wawili hawakupokea.

Na hesabu je? Hapa ndipo wengi wetu tunapokasirika. Ukimwuliza mkusanyaji zimeingia kiasi gani, anakwambia "huniamini, akhi?" Aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani inahusu kuandikiana madeni, na walioteremshiwa ni Maswahaba, watu waaminifu kuliko mimi na wewe. Ibn al-Lutbiyya alipotumwa kukusanya zaka akarudi akasema hizi zenu na hizi nimezawadiwa mimi, Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari kumkemea: angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hizo zingemfuata? Basi na wewe unayekata "vocha kidogo" na "nauli ya kufuatilia" katika fedha za walemavu, ungekaa kwa mama yako nani angekutumia?

Simu inaturahisishia hesabu, haituzuii. Mobile Money tunayo Rwanda tangu 2010, na kila muamala unaacha ujumbe wenye tarehe na kiasi. Jirani zetu wa Kenya wana M-Changa, ambako harambee hufanywa kwa simu na mchango wa kila mtu huingia kwenye hesabu. Wenzetu walioko Ulaya na Kanada hupenda kufungua GoFundMe, nayo hailipi moja kwa moja benki za Rwanda. Hivyo fedha hukaa kwanza katika akaunti ya mtu binafsi huko huko, zikakatwa ada ya kampuni, kisha ada ya kuzituma, ndipo zikafika Kigali. Hakuna haramu katika hilo ikiwa limesemwa. Aseme mapema: akaunti ni yangu fulani, makato ni kiasi hiki, lengo ni kiasi hiki, tukifika tunafunga. Lile la "endeleeni kutoa tu" ndilo linalotutia shaka.

Nilikwenda kumwomba radhi yule kijana mbele ya mama yake. Nilichukua nusu saa nzima mlangoni nikijifanya nafunga viatu. Alinisikiliza, akasema sawa. Madrasa amerudi, anakaa nyuma. Timuni bado hajarudi, na kocha amenitaka nisimsukume. Picha nimeifuta kwangu na nimewaomba wenye makundi waifute. Najua ipo mahali.

Ukiiona kwenye simu yako, mfungo wowote, ifute. Usiipeleke mbele hata kama imeandikwa "sambaza upate thawabu". Aliyeandika ni mimi.

Fedha zilizoingia zilikuwa faranga 214,500. Kukodi basi Huye kwenda na kurudi 120,000. Mipira miwili 50,000. Chakula na maji 25,500. Makato ya kutoa fedha 2,000. Zimebaki 17,000, zipo kwa mweka hazina wa kamati ya wazazi, si kwangu. Mama wa kijana amekataa kuzipokea, na kocha anasema wavu umechanika upande mmoja. Aliyechangia ambaye hataki sehemu yake inunue wavu, au anayetaka kurudishiwa kwa kuwa nilimdanganya juu ya yale machozi, anikute madrasani siku yoyote baada ya Magharibi. Risiti ziko mezani.

Wabillaahi tawfiiq.