Kumfuga Kobe Nyota Si Kumwokoa

Wafugaji wa kobe adimu wana jibu moja wanalolitoa kila wanapoulizwa kwa nini wamemweka mnyama wa porini ndani ya nyumba. Husema: huko porini anakwisha. Mashamba yanameza vichaka vyake, moto unamuunguza, wawindaji wanamwokota. Basi heri akae kwangu, ale ashibe, azae, kizazi chake kisipotee. Wanaosema hivi wengi wao ni watu wema, na wanyama wao wanawapenda kweli. Ndiyo maana hoja yao inastahili kujibiwa kwa utulivu, bila kumfokea mtu. Lakini ni hoja potofu, na upotofu wake umewaponza kobe kwa maelfu.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Kobe nyota wa India, ambaye wanasayansi humwita Geochelone elegans, anaishi kaskazini magharibi mwa India, katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan hadi ng'ambo ya mpaka wa Pakistan; anaishi pia kusini mashariki, Andhra Pradesh na Tamil Nadu, na katika kisiwa cha Sri Lanka. Gamba lake ni jeusi, na kila kigae cha gamba kina kitovu cha manjano kinachotawanya miale kama nyota. Ndani ya sanduku la kioo sebuleni miale hiyo huonekana pambo. Kwenye nyasi kavu na vivuli vya miiba ni maficho: unaweza kumpita hatua mbili usimwone. Umbo lake nalo ni la ajabu. Wanahisabati wawili wa Hungaria, Gábor Domokos na Péter Várkonyi, walikuwa wakichunguza umbo lenye mkao mmoja tu wa kutulia, wakakuta kwamba gamba la kobe huyu limelikaribia sana. Ukimlaza chali, gamba lenyewe humsaidia kujigeuza. Kila alichopewa mnyama huyu alipewa kwa ajili ya mahali fulani: nyasi zile, miiba ile, masika yale.

Sasa tazama jinsi uadimu unavyofanya kazi sokoni. Bidhaa ya kawaida ikipungua hupanda bei, watu wakaiacha, wakatafuta nyingine. Mnyama wa kufugwa kwa fahari hafuati njia hiyo. Anapozidi kuwa adimu ndivyo anavyozidi kutakiwa, na bei inapopanda, mwokotaji wa kijijini anapata sababu ya kutembea mbali zaidi kumtafuta yule wa mwisho. Mwaka 2006 Franck Courchamp na wenzake walieleza jambo hili kitaalamu, wakaonyesha kwamba thamani ya uadimu peke yake inaweza kumfikisha mnyama kwenye kutoweka. Mfano hauko mbali: kobe wa maji mwenye shingo ndefu wa kisiwa cha Roti, Indonesia, alitambuliwa rasmi kuwa aina ya pekee mwaka 1994, na miaka michache baadaye wakusanyaji walikuwa karibu wamemmaliza kwake. Kutajwa kwake kuwa adimu ndiko kulikomfanya atafutwe.

Kobe nyota yumo katika mkondo huohuo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba kituo kimoja tu cha biashara, huko Andhra Pradesh, kilipitisha angalau kobe 55,000 waliookotwa porini katika muda wa mwaka mmoja. Kituo kimoja. Kobe hao hufungwa mkanda wa plastiki ili miguu isitoke, wakatiwa ndani ya soksi, wakapangwa katikati ya nguo kwenye masanduku ya wasafiri. Wapo wanaofika wakiwa hai. Mwaka 2019, nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilipokutana Geneva, zilimhamishia kobe huyu katika Kiambatisho cha Kwanza, palipo na wanyama ambao biashara ya waliotolewa porini imekatazwa kabisa. Na hao 55,000 hawakuokotwa na watu waliowachukia kobe. Waliokotwa kwa sababu mahali fulani kuna mpenda kobe aliyekuwa tayari kulipa.

Hapo mfugaji hujibu: wangu hakutoka porini, alizaliwa katika banda la mzalishaji, na karatasi zake ninazo. Hii ndiyo ngome yao kubwa, nami nataka tuichungulie ndani.

Kobe nyota jike hukomaa akiwa na umri wa miaka 8 hadi 12 hivi. Hutaga mayai machache kwa mkupuo, kwa kawaida hayazidi kumi, na mayai hayo hukaa udongoni siku 47 mpaka hata 147 kabla ya kuanguliwa. Piga hesabu mwenyewe. Mtu anayeanza leo na majike machanga atangoja karibu muongo mzima kabla ya kuuza kobe wake wa kwanza, na muda wote huo atalisha, atapasha joto mabanda na kulipa daktari wa mifugo. Mwokotaji porini anahitaji mfuko na asubuhi moja. Kwa hiyo ukimkuta muuzaji mwenye mamia ya kobe wa umri mmoja, kwa bei nafuu, na wote anasema ni wa bandani, huna haja ya kuwa mpelelezi. Karatasi huandikwa kwa dakika tano. Kobe jike wa kutaga huchukua miaka kumi. Na hata kwa mzalishaji mwaminifu swali moja hubaki: wazazi wa kwanza walitoka wapi? India inamlinda kobe huyu kwa sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 1972. Mstari mrefu wa kobe walioko mabandani leo, ukiufuata nyuma, mara nyingi huishia kwa mtu aliyeinama kichakani na kumwokota mmoja asiyeruhusiwa kumwokota.

Ucheleweshi huohuo wa kuzaa ndio unaofanya madhara ya porini yawe makubwa kuliko yanavyoonekana. Vifaranga wa kobe huliwa kwa wingi. Maumbile yameshalihesabu hilo. Ambacho hayakukihesabu ni kuondolewa kwa jike mzima, ambaye angetaga kwa miongo kadhaa. Wakichukuliwa majike wa namna hiyo, kijiji kizima cha kobe kinaweza kuonekana kipo kwa miaka mingi huku kikiwa hakizai tena.

Wapo wanaosema: porini pakimalizika kabisa, hawa wa majumbani ndio watakaorudishwa. Maneno mazuri, lakini hayatekelezeki. Kobe wa Gujarat na wa Sri Lanka wameishi mbalimbali kwa muda mrefu, kila kundi likizoea mvua na joto la kwake. Sebuleni huchanganywa, wakazaa chotara ambao hakuna anayejua wawekwe wapi. Wengine huishi pamoja na kobe wa mabara mengine na kuambukizwa magonjwa ya njia ya hewa ambayo porini hayakuwepo. Ndiyo maana hata wale wanaokamatwa viwanja vya ndege huwapa maofisa kazi ngumu: ukiwaachia popote unaweza kuwaua walioko. Kobe ambaye hajulikani alikotoka hana kwao tena.

Haki inanidai nitaje mfano unaoelekea kuwaunga mkono wafugaji, kwa kuwa ni mkubwa na ni wa kweli. Kobe nyota wa Myanmar, nduguye huyu wa India, anapatikana katika ukanda mkavu wa katikati ya nchi hiyo tu, na si pengine duniani. Alichinjwa kwa chakula, akauzwa kwa dawa, kisha soko la wafugaji wa nje likamkomba. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliamini kwamba porini hakubaki kundi linaloweza kujiendeleza. Mwaka 2004 serikali ya Myanmar, pamoja na mashirika ya uhifadhi ya WCS na Turtle Survival Alliance, ilianza kuwazalisha kwa kobe wapatao 175, wengi wao wakiwa wamenyang'anywa wafanya magendo. Kufikia mwaka 2017 walikuwa zaidi ya 14,000, na mamia walikuwa wamekwisha kurudishwa kwenye hifadhi kama Minzontaung. Ni moja ya kazi bora kabisa za uhifadhi zilizofanyika katika karne hii, na isingewezekana bila kobe kuzalishwa na binadamu.

Basi je, wafugaji wameshinda? Tazama kazi ile ilivyofanywa. Kobe walikuwa wa nchi ileile na ukanda uleule. Walizalishwa katika hifadhi za nchini mwao, chini ya mvua yao na jua lao, wakila majani yao. Watoto hawakuuzwa. Waliorudishwa porini walichorwa alama za kudumu kwenye gamba ili wapoteze thamani sokoni, yaani waliharibiwa kwa makusudi ule urembo ambao mfugaji huulipia. Na wanakijiji jirani, ambao wengi huamini kwamba mizimu ya mahali humwadhibu amdhuruye kobe, walifanywa walinzi. Hakuna hata kimoja kati ya haya kinachofanyika katika sanduku la kioo ghorofani. Kinachofanana ni kobe na yai tu. Lengo la kule ni siku atakapoondoka mikononi mwa binadamu. Lengo la huku ni kwamba asiondoke kamwe.

Sisi wa Afrika Mashariki haya tunayajua kwa macho yetu. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, walioletwa kutoka Shelisheli kama zawadi mwaka 1919, walifikia wapatao 200 katika miaka ya 1950. Wezi wakawachukua kuwauza, na kufikia mwaka 1996 walibaki saba. Wengine walipoletwa kuongeza idadi, nao waliibwa, mpaka ikabidi wawekewe uzio na ulinzi. Tena kobe bapa wa kwetu, yule anayejipenyeza kwenye nyufa za miamba ya Dodoma, Tarangire na Kitui, aliingia Kiambatisho cha Kwanza cha CITES katika mkutano uleule wa Geneva wa mwaka 2019. Aliwekwa humo kwa sababu ileile: watu wa mbali walitaka kumfuga. Jike wa kobe huyu kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati. Waokotaji walitumia hata jeki za magari kupasua nyufa ili wamtoe, na ufa ukishapasuliwa hakuna kobe mwingine atakayeishi hapo.

Kuhusu dai kwamba kobe ni rahisi kufuga, sitakawia. Kobe nyota anahitaji nyasi nyingi, madini ya chokaa, mwanga wa jua au taa maalumu, na unyevu wa kadiri. Akikosea mfugaji, gamba huota vinundu au mapafu hushambuliwa, na mnyama huugua kimya kwa wiki nyingi. Hubeba pia bakteria wa salmonela. Marekani ilikataza tangu 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika sentimita kumi kwa sababu watoto walikuwa wakiugua. Na akitunzwa vizuri anaweza kuishi miongo mingi. Watu wengi hununua bila kujiuliza nani atamlisha wao wakishazeeka.

Kosa la mwisho ni lile la huruma. Mtu humwona kobe amekaushwa na jua kando ya barabara au ndani ya beseni sokoni, akasema: nimnunue nimwokoe. Muuzaji haoni huruma hiyo, anaona mteja, na kesho atarudi kichakani kuleta wengine. Ukimkuta kobe wa porini anauzwa, msomaji wangu, iwe Kitui, Dodoma au Unguja, usitoe pesa, hata kwa nia njema. Kumbuka mahali ulipomwona, kisha toa taarifa: kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) ukiwa Kenya, kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) au ofisi ya wanyamapori ya wilaya ukiwa Tanzania Bara, na Zanzibar kwa idara inayosimamia misitu na wanyamapori.