Mlaji Asiyeonekana

Mama wa Golbanti apakuapo wali wa mpunga wa bonde la Tana, aghalabu hajui kwamba sinia ile ina walaji wengine. Chango hukaa katika utumbo mwembamba, akimeza chakula kilichokwisha kumeng'enywa na mwenyeji wake. Tegu, asiye na kinywa wala utumbo, hufyonza lishe kwa ngozi ya mwili wake wote. Naye safura, aliye mbaya kuwashinda, huuma ukuta wa utumbo akanywa damu, na kwa damu hiyo hupotea madini ya chuma. Ndiyo maana mtoto hushiba lakini akapauka, akasinzia darasani, na mwalimu akamwita mvivu.

Kuanzia 2012, kwa mpango wa serikali, wanafunzi wa pwani wamegawiwa vidonge vya minyoo shuleni. Jambo hilo lastahili pongezi. Hata hivyo, kidonge humfukuza mnyoo aliyemo; hakimzuii wa kesho. Mayai hutoka na kinyesi, na mabuu ya safura hupenya unyayo usio na kiatu. Mto Tana ufurikapo, kama ulivyofurika 2023 na 2024, vyoo vya shimo hujaa maji, na uchafu husambaa mashambani na nyuani.

Kumpa mtoto dawa pasipo choo imara wala viatu ni kuteka maji kwa pakacha. Wakuu wa kaunti na waanzie hapo: vyoo vilivyoinuliwa vijengwe kabla ya mvua, si baada yake.