Matanki ya Kivu: nani anapima miguu yake?

Wakaaji wa Bukavu hawajasahau tarehe 3 Februari 2008. Siku hiyo tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5,9 lilipiga Kongo na Rwanda, pande zote mbili za Ruzizi, na majumba yakabomoka. Mwezi Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, ardhi ya Goma nayo ilitikisika siku kwa siku. Hata hivyo, matanki ya maji na ya mafuta yanaendelea kusimamishwa juu ya miguu ya vyuma, katika viwanda, hospitali na hoteli, na swali linaloulizwa ni moja tu: linaingiza lita ngapi?

Lingeulizwa pia la miguu. Tanki la lita 10 000 likijaa maji, hizo ni tani 10 zilizo juu angani. Ardhi ikisogea kwa ghafula, miguu inaifuata, lakini uzito wa juu unachelewa kufuata. Miguu iliyofanyiwa hesabu ya kubeba mzigo unaoshuka chini tu, bila vyuma vya kukingama vinavyoiunganisha, inajikunja.

Hata Japani, nchi iliyozoea matetemeko, ililipata hilo. Tarehe 11 Machi 2011 huko Chiba, karibu na Tokyo, tanki moja la gesi la kiwanda cha kusafisha mafuta lilikuwa limejazwa maji kwa ajili ya ukaguzi. Maji yana uzito karibu mara mbili ya gesi hiyo ikiwa katika hali ya kimiminika. Tetemeko la kwanza lilikata vyuma vya kukingama. Karibu nusu saa baadaye tetemeko lingine likavunja miguu, tanki likaanguka na kupasua mabomba, gesi ikawaka. Moto ulizimwa baada ya siku 10.

Basi viongozi wa majimbo wasitoe ruhusa ya kusimamisha tanki kabla ya kuona hesabu ya injinia: uzito wake likiwa limejaa, vyuma vya kukingama, buloni zinazoshika miguu kwenye betoni. Wenye matanki watalalamika kwamba chuma ni ghali, na si uongo. Lakini kukagua kutu na kukaza buloni hakuhitaji pesa nyingi. Kazi hiyo ianze mahali ambapo watu wanalala chini ya tanki: hospitali na shule za bweni.