Jihadi ya Istanbul, mzigo wa Uluguru
Hizi hadithi za "ingekuwaje" zimenichosha. Ingekuwaje Waislamu wote wangeitikia wito wa jihadi uliotoka Istanbul Novemba 1914, hadi huku kwetu, ambako Mjerumani ndiye aliyeupigia debe (ajabu hiyo!)? Basi kurasa zinajaa masultani na majenerali. Haya, njooni Morogoro. Tarehe 26 Agosti 1916 jeshi la Smuts linaingia mjini. La Lettow-Vorbeck linapita Uluguru kwenda Kisaki. Nani kabeba risasi na unga? Wapagazi, Waislamu wakiwemo, pande zote mbili. Walikufa makumi ya maelfu. Dar wakaachiwa jina la soko, Kariakoo. Nipeni hii: ingekuwaje usiku mmoja, pale mlimani, wangetua mizigo wote wakarudi makwao? Hiyo nitaisoma mpaka alfajiri.