Mafuta ya Samaki na Mishipa ya Damu

Mwaka 1996 gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, lilitoa habari za uchunguzi uliofanywa hapa kwetu Tanzania. Wataalamu waliwapima watu wa pande mbili: wa kando ya Ziwa Nyasa, walao samaki kila siku, na wa Lugalawa, huko milimani, ambao chakula chao kilikuwa mazao ya shamba. Kule ziwani wenye shinikizo kubwa la damu walikuwa karibu 3 katika kila watu 100. Kule Lugalawa karibu 16. Tena damu ya wala samaki ilikuwa na mafuta machache zaidi. Kulinganisha vijiji hakutoshi kuthibitisha jambo, lakini tofauti hiyo si ndogo.

Samaki hana uganga. Katika mafuta yake mna asidi ziitwazo omega-3, ambazo mwili wetu hauwezi kujitengenezea za kutosha. Asidi hizo hupunguza mafuta ambayo ini huyatia katika damu, huzuia chembe za kugandisha damu zisishikamane upesi, na husaidia mshipa kulegea ili damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu nyingi.

Mama mmoja aliniuliza kama yafaa auze kuku wake amnunulie mumewe chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki, aache vile vya hospitali. Nilimjibu kuku wabaki, na dawa ya hospitali imezwe kama daktari alivyoagiza. Huko Marekani watu 25,871 walichunguzwa kwa miaka mitano na zaidi, na habari zikatoka mwaka 2018: waliomeza gramu 1 ya mafuta hayo kila siku hawakuepukana na maradhi makubwa ya moyo na mishipa kuliko wenzao. Iko dawa ya gramu 4, lakini hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, maana yaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Heri samaki mwenyewe, mara mbili kwa juma. Dagaa au usipa wanatosha kabisa, wala si lazima awe samaki wa bei. Wachemsheni kwa nyanya na kitunguu. Msiwazamishe katika mafuta ya kukaangia. Na ng'onda mwenye chumvi nyingi alowekwe kwanza, maji yamwagwe, kwa kuwa chumvi hiyo hupandisha shinikizo lile lile tunalolikimbia.